Teki ya Nne ya "Sare Nyeupe"

Vijana wangu wa studio, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na mashuka mawili, mkaniomba niseme machache. Nilisema machache kweli, nikakaa. Spika mliiweka upande wa sikio langu la kushoto, na sikio hilo lilistaafu kabla yangu. Baadaye mmoja wenu alinifuata mlangoni akasema, "Basi mzee, andika. Sisi tutasoma." Nimechukua miezi mitatu kuanza kuandika. Nimechoka, na sioni haya kulisema.

Habari za vyeo na mshahara siziandiki, maana vyote vilikuwa vifupi. Nitaandika nilivyoanza, nilivyofundishwa, na mwisho nitafika kwenye ile albamu. Najua hadithi yake mnawasimulia wageni wakija, mnawaonyesha na kiti alichokalia yule binti, mnawaambia umeme ulikatika ukala wimbo. Hadithi hiyo mliipata kwangu. Nawaomba mvumilie hadi nifike hapo, kwa sababu siwezi kuirekebisha bila kueleza kwanza mkono wangu ulizoea nini.

Nilishuka kutoka Suji, kule milimani, nikiwa na cheti cha ufundi wa redio na viatu vya kaka yangu. Studio wakati huo lilikuwa ghala la zamani la katani hapa Same mjini, bati juu, ukuta wa matofali, na upepo ukipiga tangu asubuhi. Mzee Eliamini, aliyeiendesha peke yake, alikuwa amekaa juu ya gunia akikaza skrubu ya maikrofoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa hapo. Unasikia nini?"

Nikasema sisikii kitu. Akaniambia basi niendelee kukaa. Nilikaa kama saa nzima nikiwa na njaa, hadi nikaanza kusikia bati linavyolia pembeni, mlango unavyogonga, panya ndani ya magunia, na lori kule barabara kuu likibadilisha gia. Nikamtajia kimoja kimoja. Akasema, "Hivyo vyote vitaingia kwenye kanda. Kazi yako ni kuvijua kabla havijaingia." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya siku ya kwanza. Ya pili nilifagia.

Vifaa vyetu mngeviona mngecheka. Tulikuwa na mashine moja ya kanda za duara, maikrofoni mbili, na soksi. Soksi ilivishwa maikrofoni ili pumzi ya mwimbaji isipige kama teke, na ilikuwa ya Mzee Eliamini mwenyewe. Mama mmoja wa kwaya aliwahi kukataa kuikaribia, na sikumlaumu. Kwa ajili ya kuta tulijaza katani ndani ya magunia tukayashona yakawa kama magodoro, ili sauti isirudi rudi. Magodoro hayo ndiyo mnayoyaona hadi leo. Mtu akiwashauri myatoe muweke sponji za dukani, mfukuzeni kwa adabu.

Kazi kubwa ilikuwa kwaya. Watu arobaini, maikrofoni mbili, na kila mmoja anataka sauti yake isikike nyumbani kwao. Tulipanga watu kwa miguu. Besi nene nyuma hatua saba, mwenye sauti kali anageuzwa kidogo aelekee ukutani, na mwalimu wa kwaya anaambiwa kwa upole aache kupiga mguu. Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya upepo. Kuna majuma hapa Same upepo hauachi bati, na kwaya imeshuka mlimani na watoto na vyakula vyao, huwezi kuwaambia warudi. Tulikuwa tunapanda juu ya bati tunaweka mawe na matairi, tunashuka, tunarekodi wimbo mmoja, tunapanda tena. Mgongo wangu wa leo nauhesabu kuanzia matairi yale.

Sasa nifike kwenye mazoea. Mzee Eliamini alikuwa na sheria moja ambayo hakuiandika popote. Mtu akikosea, sauti ikimkatika au akilia katikati ya wimbo, kanda inarudishwa nyuma na kipande kile kinafutwa palepale, kabla mtu hajafika mlangoni. Kanda zilikuwa adimu, hilo ni kweli, lakini sababu yake haikuwa kanda. Zamani kabla yangu alirekodi kwaya moja ya huko juu, na mama mmoja mwenye sauti nzuri kuliko wote alilia kwenye ubeti wa mwisho, kwa kuwa alikuwa na msiba. Mzee hakufuta. Kaseti ikatoka, ikapigwa sokoni na harusini, na watoto wakawa wanamwigiza yule mama njiani akipita na kuni. Akaacha kuimba. Hata kanisani alikaa kimya. Mzee Eliamini alinisimulia mara moja tu, akanambia, "Mtu asiondoke humu akijua kuwa aibu yake imebaki ndani." Nikaelewa. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi nilifuta bila kuulizwa, na waliofutiwa walinishukuru kwa macho. Tulikuwa tunawasitiri watu, na niliipenda sehemu hiyo ya kazi kuliko zote.

Mzee alipofariki studio ikabaki kwangu, kisha zikaja kompyuta. Kompyuta haina haja ya kufuta, mnajua wenyewe, unaweza kurekodi teki mia na zote zikakaa. Teki, kwa atakayesoma haya nje ya kazi yetu, ni kule kuimba mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi niliendelea kufuta. Nilifuta kwenye kazi iliyo wazi, nikafuta kwenye diski, nikamwaga na kapu la taka la kompyuta. Mkono ulikuwa umeshafundishwa.

Halafu wakaja wale watatu. Nakunda aliimba na kupiga gitaa la umeme, binti wa Gonja, mama yake alikuwa nesi kule. Hamisi alipiga dramu, wazazi wake walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge wakitokea Kigoma, na yeye alijifunzia kwenye madumu. Tumaini wa Mwanga alipiga besi na hakusema kitu. Muziki wao waliuita roki mbadala. Niliwauliza mbadala wa nini, Hamisi akasema, "Wa ule unaopigwa redioni, mzee." Mara ya kwanza walipowasha amplifaya zao soketi ilitoa moshi. Niliwarekodi nyimbo nne, nikawaambia ukweli kwamba sikuelewa kelele ile ila binti alikuwa anaimba, na wakaenda zao Dar.

Miaka michache baadaye wakarudi na kampuni kubwa ya muziki nyuma yao, ile ya kusaini mikataba mezani na wapiga picha. Kampuni ilitaka albamu nzima. Nakunda aligoma kurekodi kwenye studio zao za vioo, akasema atarekodi kwenye magodoro ya katani au hatarekodi kabisa. Wakubwa wakakubali, nadhani kwa sababu ya picha za milima. Wakamtuma prodyuza wao, Deo, kijana mwenye heshima na simu mbili. Akaja na maboksi ya vifaa vilivyonifanya nione haya ya soksi yangu, lakini akaniachia mimi kiti cha mitambo, kwa kuwa Nakunda alitaka hivyo.

Tulifanya kazi majuma manne. Nyimbo tisa zilikwenda vizuri kadiri kazi inavyokwenda. Hamisi alipasua ngozi ya dramu mara mbili, na mbuzi wa jirani yuko kwenye wimbo wa tatu ukisikiliza kwa makini. Sikio langu la kushoto lilianza kupiga filimbi juma la pili, na tangu hapo halikunyamaza. Nyumbani nilikuwa nakaa kimya hadi mke wangu akauliza kama tumegombana.

Ulibaki wimbo wa kumi, "Sare Nyeupe". Ndio kampuni ilioutaka uongoze albamu, upigwe kwanza, utangazwe kwanza. Ulikuwa wa mama yake Nakunda. Mama yule alifariki wakati binti yuko ziarani nchi za nje na bendi, na hakuwahi mazishi. Aliporudi Gonja alifungua sanduku akakuta sare ya unesi imepigwa pasi na kukunjwa, kola imewekwa juu. Wimbo ulikuwa ni hilo tu: mtu anafungua sanduku.

Teki tatu za kwanza hazikuwa na kitu, na wote tulijua. Baada ya chakula cha mchana Nakunda akasema, "Naomba wote mtoke. Abaki Fundi." Hamisi na Tumaini wakatoka wakakaa kivulini. Deo naye akatoka na simu zake. Akabaki yeye na gitaa, na mimi nyuma ya kioo na hedfoni.

Nitawaambia nilichosikia, ingawa maneno hayatoshi. Alianza chini sana, mpaka nikasogeza mkono kuongeza sauti kisha nikaurudisha. Beti mbili aliziimba kama mtu anayesoma barua. Alipofika kwenye kola sauti ikakatika. Hakuimba tena. Akaongea, kwa Chasu, lugha yetu Wapare, moja kwa moja na mama yake, maneno ambayo hayakuwemo kwenye wimbo, huku gitaa likiendelea peke yake chini ya vidole. Halafu akalia kwa sauti. Halafu akaweka gitaa chini taratibu, akavua hedfoni, akapita mbele yangu bila kunitazama, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nikarudisha nyuma, nikafuta.

Sikufikiri. Nataka mwelewe hivyo. Niliona mwanamke amelia, amepita bila kunitazama, na mkono ukafanya ulichofanya kwa miaka yote. Nilihisi hata kuridhika, kama mtu aliyefunika jirani yake shuka. Kisha nikamwita Tumaini aje arudie kipande cha besi kilichokuwa kimebaki kwenye wimbo mwingine, tusipoteze mchana, na kazi hiyo ikaandikwa juu ya nafasi ileile kwenye diski.

Saa moja baadaye Nakunda alirudi amenawa uso. Alikuwa anatabasamu. Sikuwahi kumwona hivyo tangu waje. Deo alikuwa nyuma yake. Nakunda akavuta kigoda akakaa karibu yangu, akasema, "Haya mzee, tusikilize. Hata mimi sikumbuki nilisema nini mle. Lakini ndiyo yenyewe, najua. Nyingine sitaimba."

Niliangalia mitambo kana kwamba natafuta kitu. Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: binti yangu, nimeifuta, nilidhani nakusitiri. Badala yake nilisikia mdomo wangu unasema, "Umeme ulikatika kidogo mlipokuwa nje. Haikuhifadhiwa."

Nani hapa Same asingeamini habari ya umeme? Waliamini wote. Deo alishika kichwa. Aliibeba kompyuta hadi kwa mafundi Moshi, wakakaa nayo siku mbili, wakamrudishia sekunde chache za gitaa na kikohozi ambacho kilikuwa changu. Nakunda hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Yote?" Nikajibu, "Yote." Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea habari ya pili ya msiba uleule.

Aliuimba tena, kwa kuwa mkataba ulimtaka. Teki ya tano, ya sita, hadi ya kumi na moja. Niliziweka zote, hakuna niliyogusa. Zilikuwa safi, sauti imekaa, gitaa halijakosea, na ndani hamna mtu. Deo alichagua ya tisa. Albamu ilitoka, "Sare Nyeupe" ukasukumwa mwisho kabisa, na kampuni ikautanguliza wimbo mwingine ambao watu waliupenda kwa mwezi mmoja. Hakukuwa na albamu ya pili. Bendi ilivunjika. Hamisi ana duka la vipuri hapa mjini, Tumaini sijui aliko, na Nakunda alirudi Gonja akawa anafundisha watoto muziki. Sisemi yote hayo yaliletwa na mkono wangu. Kampuni hizo zina sababu zake. Ila sijawahi kuwa na hakika kwamba hayakuletwa nao, na hilo limenichosha kuliko matairi ya juu ya bati.

Nyinyi mkaja mmoja mmoja, mkaikuta hadithi ya umeme, mkaipenda. Kila mliposimulia mimi nilijifanya nakunja nyaya.

Mwezi uliopita Nakunda alikuja nyumbani. Alisikia nimestaafu. Ana mvi mbili tatu mbele na hazifichi. Aliniamkia, nikaitika, mke wangu akaleta chai akatuacha. Nikamwomba akae upande wa kulia ili nimsikie. Tukaongea habari za Gonja, za mvua, za tangawizi. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuwaandikia nyinyi na nimekwama hapohapo, nikamwambia. Nilimwambia yote, na Mzee Eliamini, na yule mama wa kuni, na kapu la taka la kompyuta.

Alipoongea sauti yake ilikuwa ngumu.

"Miaka yote hii, mzee, nimewatukana watu wa umeme."

"Najua."

"Kila umeme ukikatika nawatukana. Watoto wananishangaa." Akaweka kikombe chini. "Ulidhani naona aibu?"

"Ulilia. Ulipita hukunitazama."

"Nilipita kwa sababu nilikuwa nimemaliza! Nilikuwa nimemzika mama yangu. Sikuwa na la kukutazamia."

Nilisema nisamehe, na neno lilikuwa dogo, na hakulijibu. Nilidhani atainuka aondoke, na ningeona ni haki yake. Alitazama nje kwenye migomba kwa muda. Kisha akageuka.

"Lakini wewe ulisikia."

"Nilisikia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Ni mimi peke yangu niliyesikia."

"Nilimwambia nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anauliza. Mwenyewe hakukumbuka. Maneno yale hayako kwenye diski yoyote, wala kwenye kichwa chake. Yako kwangu, na daktari ameniambia sikio la kulia nalo limeanza kufuata la kushoto. Nikamwambia sitaweza kuyasema hivihivi. Nilivyoyashika ni pamoja na wimbo, kuanzia mwanzo, hadi pale yanapoingia.

"Basi imba."

"Mimi? Hujawahi kunisikia nikiimba."

"Imba, mzee."

Alitoa simu kwenye mkoba, akaibonyeza irekodi, akaiegemeza kwenye chupa ya chai. Nikaangalia ilivyokaa, kwa mazoea, nikaisogeza kidogo isipigwe na upepo wa dirishani. Kisha nikaimba. Nina sauti kama ya bawaba kavu, na noti mbili za juu sizifikii. Niliimba chini sana kama alivyoanza yeye, nikapita ubeti wa kwanza, nikapita wa pili, nikafika kwenye kola. Maneno ya Chasu niliyasema kama alivyoyasema, kwa mapumziko yaleyale. Siyaandiki hapa. Ni ya mtu na mama yake. Nakunda alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Yalibaki maneno matatu ya mwisho. Sauti ikanikatika. Nililia, mzee mzima, machozi hadi kwenye shati, na mkono ukajinyoosha wenyewe kuelekea kwenye simu.

"Futa hiyo," nikamwambia. "Nimeharibu."

Akaisogeza simu mbali na mkono wangu, taa yake nyekundu bado inawaka.

"Sifuti," akasema. "Kunywa chai, mzee, kisha endelea ulipoishia."